Jiko Upande wa Mkono wa Kulia

Juzi tumemzika Mekadzo huko kwao Magarini, na mimi sikulia. Nilikasirika. Nilikaa mkekani na wanawake wenzangu, leso nimejitanda kama inavyotakiwa, nikakasirika tangu jeneza linatoka ndani mpaka udongo unapigwa mgongo wa jembe. Si kifo kilichoniudhi. Mekadzo alikuwa mtu mzima, na sukari ilikuwa imemsumbua miaka mingi. Aliyeniudhi ni kijana mmoja wa ofisi ya mji, shati jeupe na simu mkononi, aliyepewa nafasi ya kusema maneno mawili kwa sababu watu wa ofisi hupewa nafasi hata pale wasipomjua maiti. Akasoma kutoka kwenye simu kwamba marehemu alikuwa miongoni mwa wachuuzi wa kwanza Malindi kuwa na mkokoteni wa kisasa, na kwamba aliishi akiwa mfano wa mwananchi anayefuata kanuni. Mchungaji akaitikia. Waombolezaji wakaitikia. Kadzo, bintiye marehemu, ambaye ananijua kama jirani wa zamani wa mama yake na hajui zaidi ya hapo, akaitikia kwa adabu. Na ndani ya sanduku lile mlikuwa na mkono wa kulia ulioungua kuanzia vidoleni hadi kiwikoni, ngozi imekunjamana na kung'aa, vidole viwili vimeshikana. Mkono ule uliungua kwa sababu Mekadzo alifuata kanuni. Nilitaka kusimama niseme hivyo. Sikusimama, na sababu ya kutosimama ndiyo ninayotaka kuiandika hapa kabla na mimi sijawekwa kwenye sanduku langu nikasomewa uongo.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne, nimepanga chumba Muyeye, hapo hapo Malindi. Mambo ya kwetu Mambrui, huko ufukweni, na kwa nini nilitoka siyasemi, hayana kazi hapa. Nyumba ilikuwa ya vyumba sita, kuta za udongo uliopakwa chokaa, paa la makuti, na ukuta uliotenga chumba changu na cha Mekadzo haukufika juu. Nilisikia kila kitu chake. Nilimsikia akiomba kwa Mulungu wake kwa sauti ya chini huku kisu kikimenya viazi, nikajua kumepambazuka. Nilimsikia akikatakata mihogo na kuitia ndani ya ndoo ya maji, kipande kwa kipande. Kisha hugonga ukuta kwa mpini wa kisu na kusema, "Salma, amka uje unywe chai." Chai ya rangi yenye tangawizi kali, mihogo ya jana iliyopashwa moto, siku nyingine kipande cha papa mkavu aliyetiwa ndimu. Sikuwa nikimlipa. Nilimsaidia kumenya, nilimwandikia barua za shule ya Kadzo, aliyekuwa akikaa kwa bibi yake Magarini, na yeye akanilisha. Mimi ni Mwislamu wa mjini na yeye Mgiriama wa kanisani, lakini sufuria zake hazikuwahi kupikiwa kitu nisichokula, na hilo hakulitangaza, alilifanya tu. Nikitoka kuoga ananiambia, "Kula kwanza. Hayo madaftari hayaendi popote."

Mchana alasiri ikikaribia alisukuma mkokoteni wake hadi barabarani, karibu na soko, akauza viazi karai na mihogo ya kukaanga kwa pilipili na ukwaju. Mkokoteni wenyewe ulikuwa wa mbao, umetengenezwa na Fundi Athmani, magurudumu ya baiskeli, turubai juu, na jiko la makaa likiwa limekaa tu juu ya kipande cha bati, halikufungwa na kitu. Sasa hili la jiko lazima nilieleze, maana ndilo jambo lote. Wachuuzi wa upande ule, watu saba au wanane, walisimama magharibi ya barabara, wakitazama mashariki, maduka mbele yao na bahari nyuma ya maduka. Kaskazi ikivuma, upepo huwajia kwa mkono wa kushoto, basi jiko huwekwa mwisho wa kulia wa mkokoteni, ili moshi na cheche ziende zake mbali na mpishi. Kusi ikianza, upepo hugeuka ukatoka kulia, na jiko huhamishiwa kushoto. Katikati yake kuna malelezi, siku ambazo upepo haujui uende wapi, na hapo kila mtu hunusa na kungoja. Walikuwa na siku yao ya kuhamisha. Mmoja akihamisha jiko, wote huhamisha siku ile ile, wanasaidiana kunyanyua, na karai la kwanza baada ya hapo haliuzwi. Hugawiwa walionyanyua, pamoja na watu wa maduka na wapita njia. Nilikula karai lile mara moja tu maishani mwangu, mwaka uliotangulia huu ninaousimulia. Viazi vilikuwa vya moto, kila mtu anapuliza vidole na kutaniana, na Mekadzo anamwambia muuza duka mmoja mnene, "Wewe hukunyanyua hata kijiko, lakini chukua, tusije tukalaaniwa."

Mwanzoni mwa Januari nilipata kazi ya ukarani wa muda katika ofisi ya mji. Nilikuwa na furaha kama mtu aliyeitwa peponi. Ofisi ilikuwa chumba kirefu chenye madirisha ya vyuma, faili zimefungwa kwa kamba za katani, feni moja inayozunguka pale inapotaka. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kutafsiri kanuni mpya za mikokoteni ya wachuuzi kutoka Kiingereza, kisha kutembea na mkaguzi na kuwasomea watu. Mkaguzi alikuwa mpole. Nalisema hilo mapema kwa sababu ingekuwa raha kwangu kumfanya jitu, na hakuwa jitu. Aliniita dada Salma, aliniagizia chai saa nne, alikuwa ametoka bara na Kiswahili chake kilimtoka kwa shida lakini kwa heshima. Aliniambia, "Ukiifanya hii kazi vizuri, nitaongea na mkubwa akuandikie barua ya kudumu." Barua ya kudumu. Nilikwenda nayo nyumbani kichwani, nikalala nayo, nikaamka nayo. Kwa umri ule, kwa msichana aliyekuwa kwenye chumba cha kupanga Muyeye bila mtu wa kumtegemea, barua ile ilikuwa ni maisha.

Kanuni zilikuwa kurasa kumi na moja na mchoro mmoja. Mkokoteni uwe wa chuma. Uwe na urefu huu na upana huu. Upakwe rangi nyeupe juu na buluu chini. Uwe na paa la bati, na namba ubavuni, na kila mwenye namba asimame juu ya namba yake iliyochorwa chini, uso wa mkokoteni ukitazama barabara. Uwe na debe la maji lenye bomba, na hili nasema lilikuwa jambo zuri, sina ugomvi nalo, watu walikuwa wakinawa ndani ya bakuli moja. Pipa la taka liwe mwisho wa mkokoteni, kando ya jiko, lisiondolewe. Na jiko lifungwe kwa bolti nne, mwisho wa mkokoteni, upande wa mkono wa kulia wa muuzaji. Nilipofika kwenye kifungu hicho kalamu ilisimama. Nilihesabu kichwani. Wanatazama mashariki. Kulia kwao ni kusini. Januari kaskazi inavuma, kwa hivyo leo ni sawa. Lakini Aprili? Nilikaa nikiutazama ule mchoro, mtu aliyechorwa bila macho, amesimama nyuma ya mkokoteni wake safi, moshi wake unapanda juu moja kwa moja kama uzi. Kisha nikaandika: upande wa mkono wa kulia wa muuzaji. Nikaweka nukta.

Sitaki kujitetea, lakini nitasema nilichofanya baadaye, kwa sababu nilikifanya. Niliinuka nikaenda kwenye mlango wa mkubwa, kanuni mkononi, nikiwa nimejipangia sentensi. Mlango ulikuwa nusu wazi. Mkubwa alikuwa akiuliza, "Huu mchoro umetoka wapi?" Mkaguzi akajibu, "Ni wa kule nilikokuwa, mzee. Umefanya kazi miaka na miaka. Hapa nimebadilisha jina la mji peke yake." Mkubwa akasema, "Na hawa watu wa hapa?" Mkaguzi akasema, "Watazoea." Nikasikia muhuri ukigonga karatasi. Halafu wakaanza kuzungumza juu ya chakula cha mchana, kama biriani ya mahali fulani imeharibika tangu mpishi abadilishwe, na walizungumza juu ya biriani ile kwa muda mrefu kuliko walivyozungumza juu ya mchoro. Nilisimama pale na sentensi yangu. Mpaka leo nikilikumbuka neno lile, watazoea, meno yanauma. Watu wazima wawili, wenye elimu, waliubeba mji mzima wa bara uliozungukwa na milima wakaubandika juu ya mji wetu wenye bahari, na hawakutoka nje hata mara moja kusikiliza upepo unatoka wapi. Nami niliyejua nilirudi kwenye meza yangu nikapiga chapa nakala nane.

Fundi Athmani alikuwa na karakana yake nyuma ya soko, chini ya bati lenye matundu. Hakuwa mtu wa maneno mazuri. Alikuwa mchoyo, mkali kwa wanagenzi wake, na alipenda kulalamika juu ya goti lake, lakini mikono yake ilijua kazi. Siku Mekadzo na mimi tulipompelekea mchoro, aliushika mbali na macho, akaugeuza, akaugeuza tena.

"Huyu aliyechora alikuwa kasimama wapi?" akaniuliza.

"Ofisini, Fundi."

"Ofisini. Ndo maana. Mchoro huu hauna upepo, Salma. Nionyeshe hata mshale mmoja wa kusi."

"Ni kanuni," nikasema.

"Kanuni nshaisikia. Mimi nakuuliza upepo."

Mekadzo alikuwa ameketi juu ya kreti la soda lililopinduliwa, viatu amevua, anajipepea kwa kipande cha boksi. Alikuwa ameuza cherehani yake asubuhi ile ili apate chuma. Akasema, "Tengeneza tu, Athmani. Huyu mtoto kasoma. Kungekuwa na ubaya si angetwambia?" Athmani akanitazama. Nilijifanya natafuta kitu ndani ya mkoba. Yeye naye hakusema tena, kwa sababu wachuuzi wote wa mji walikuwa wakitaka mikokoteni ya chuma kwa wakati mmoja, na tangu aanze kazi hakuwa amepata msimu kama ule. Akachukua tepu yake akaanza kupima. Basi hata yeye sikumsamehe, ingawa leo amekufa na nilimsomea Yasini.

Kaskazi iliyobaki ilikuwa nzuri, na huo ndio uchungu wake. Februari mikokoteni ilitoka karakana ikimetameta, nyeupe na buluu, imepangwa juu ya namba zake kama sahani kabatini. Mekadzo alivaa aproni nyeupe aliyoishona kwa mkono, akawa anafuta bati la paa kila saa. Watalii walimpiga picha. Moshi ulikwenda zake kusini kama kanuni ilivyotaka, na mkaguzi alipita kila alasiri akinunua viazi vya karatasi moja, pilipili nyingi, akisema, "Mama, unaona sasa?" Mekadzo akajibu, "Naona, bwana. Mulungu akuzidishie." Jioni alirudi nyumbani akiniambia hadithi za wateja kupitia juu ya ukuta, nami nikicheka gizani. Nilianza kuamini kwamba labda mimi ndiye niliyekosea. Labda watu wa ofisi walijua jambo lililofichika kwangu. Mtu akitaka kitu sana hujidanganya kwa ustadi, na mimi nilitaka barua.

Machi ikaisha, malelezi yakaja, moshi ukawa unazunguka bila mwelekeo. Kisha asubuhi moja ya Aprili nikaisikia kusi kwenye makuti kabla sijafungua macho. Mekadzo naye aliisikia. Hakugonga ukuta siku ile. Nilipotoka nilimkuta ameazima spana kwa jirani, ameifunga kwenye pindo la leso. Sikumwuliza ya nini. Saa tisa mchana, nilipokuwa nikitembea na mkaguzi, tulimkuta amefungua bolti zote nne, na wachuuzi wenzake wawili wanamsaidia kunyanyua jiko kulipeleka kushoto. Wengine nao walikuwa wameshaanza. Watu walikuwa wakicheka na kutaniana, kama ilivyo desturi, wakisubiri karai la kwanza. Mkaguzi akasimama. Nilimwona akichanganyikiwa kweli, kama mtu aliyekuta wanawe wanavunja vyombo.

"Mama, unafanya nini?"

"Nahamisha jiko, bwana. Kusi imeingia."

"Lakini jiko limefungwa."

"Ndiyo, nimelifungua. Nikimaliza nitalifunga upande huu. Bolti zangu hizi hapa." Akafungua kiganja kumwonyesha, zote nne, ili asidhaniwe mwizi.

Mkaguzi akashusha pumzi. Hakupiga kelele. Aligeuka kwangu mbele ya watu wote na kusema, "Dada Salma, tafadhali, wasomee kifungu cha jiko."

Karatasi ilikuwa mkononi mwangu. Kiswahili kilikuwa changu, nilikiandika mwenyewe. Ningeweza kusema, bwana, hawa wana haki, upepo umegeuka, mimi nilijua tangu Januari. Sentensi ile niliyoipanga mlangoni kwa mkubwa ilikuwa bado ipo, nzima. Badala yake nikanyoosha karatasi nikasoma, kwa sauti ya darasani, kila neno, nukta kwa mkato: jiko lifungwe kwa bolti nne, mwisho wa mkokoteni, upande wa mkono wa kulia wa muuzaji. Nilisoma vizuri. Nakumbuka nilisoma vizuri mno, na nakumbuka kwamba sehemu fulani ya moyo wangu, sehemu ninayoichukia hadi leo, ilifurahia ukimya wa watu wale wanaonisikiliza. Nilipomaliza Mekadzo alikuwa ananitazama. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anangoja, kama kwamba kuna ukurasa mwingine nitakaousoma sasa, ule wenye nafuu. Sikuwa na ukurasa mwingine. Mkokoteni wake ulichukuliwa na gari la ofisi, karai na mafuta na viazi vilivyokwisha chovywa kwenye unga wa manjano, na wenzake wakayarudisha majiko yao kulia kimya kimya.

Alikaa bila kazi wiki mbili. Wiki mbili zile alinigongea ukuta kila asubuhi kama kawaida, akanipa chai, na hakulitaja jambo lile. Ningependelea anitukane. Aliporudishiwa mkokoteni alitakiwa kutia kidole gumba kwenye karatasi kwamba hatahamisha jiko tena, na bolti ziliondolewa, jiko likachomelewa kwenye chuma. Nikamwambia usiku wa siku ile, kupitia juu ya ukuta, "Mama, simama upande wa pili wa jiko, kule kusini." Akasema, "Kule kuna pipa la taka, Salma. Si mmesema lisiondolewe?" Mmesema. Alisema mmesema. Hata kuugeuza mkokoteni haikuwezekana, uso ulitakiwa kutazama barabara, wala kuvuka kwenda ng'ambo, namba yake ilichorwa upande ule. Basi alisimama mahali pale mchoro ulipomweka, upepo wote wa kusi ukimletea moto kifuani. Mei akapika huku macho yakimtoka machozi. Akaanza kujifunga kanga iliyoloweshwa mkononi.

Ilikuwa Juni, mchana mweupe, watu wakipita na mikoba yao ya sokoni. Sikuwapo. Nasimulia nilivyoambiwa na waliokuwapo. Upepo ulikuja kwa mkupuo mmoja mkubwa, ule wa Juni unaong'oa mabati, ukayapuliza makaa, moto ukapanda ukingo wa karai na mafuta yakashika. Mtu mwingine angelisukuma jiko chini likaanguka barabarani. Jiko lake lilikuwa limechomelewa. Alijaribu kulifunika karai kwa sinia, mkono wa kulia, na upepo ukamgeuzia moto wote. Kanga ikashika. Muuza duka mnene, yule aliyekuwa akitaniwa, ndiye aliyeruka barabara akamzima kwa gunia. Hospitalini nilimkuta mkono umefungwa bandeji hadi begani, mdomo umekauka, akiuliza kama viazi vilivyobaki vimeokolewa. Nikamwambia vimeokolewa. Ulikuwa uongo.

Siku ya tatu mkaguzi aliniletea karatasi ya kupiga chapa. Macho yake yalikuwa mekundu, nadhani alikuwa amelia, na hilo lilinikasirisha zaidi kuliko angekuwa mkavu. Ripoti ilisema ajali ilitokana na uzembe wa mwenye mkokoteni, aliyekuwa amevaa nguo isiyoruhusiwa juu ya aproni. Ile kanga yenye maji. Nikapiga chapa neno uzembe. Herufi sita, kila moja kwa kidole changu. Wiki iliyofuata nikapata barua yangu ya kudumu, ikiwa na muhuri ule ule, nami nikaipokea kwa mikono miwili na kusema ahsante. Naandika haya nikiwa mtu mzima mwenye pensheni iliyoanzia kwenye barua hiyo, kwa hivyo msomaji asidhani hasira yangu ni ya mtu safi.

Mekadzo hakurudi Muyeye. Chumba chake kilipangishwa mtu mwingine, aliyekuwa akikoroma. Nilisikia yuko Gongoni, amepata mahali pa kuwapikia vibarua wa chumvi, na Agosti, siku ya mapumziko yangu, nikapanda pikipiki kwenda kumtafuta. Nilimkuta kwenye kibanda cha miti kilichoezekwa kwa mabati chakavu, kando ya mabwawa meupe yanayoumiza macho. Alipika kwa mafiga matatu ardhini na kuzunguka kila upepo ulipozunguka. Alitumia mkono wa kushoto. Wa kulia aliuweka kifuani kama mtoto anayelala.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Keti hapo."

Nilikaa juu ya gogo, nikaanza. Niliitukana ofisi. Nilimtukana mkubwa na muhuri wake, mkaguzi na upole wake, mchoro, rangi nyeupe na buluu, pipa la taka. Nilisema watu wa bara wametuletea mji wao. Nililia, nikasema kwamba nimeandika barua ya malalamiko na nitaipeleka, jambo ambalo sikuwa nimelifanya na sikulifanya. Alinisikiliza huku akikoroga maharagwe. Hakunikatiza. Nilipokwisha, alipuliza moto, akasogea upande mwingine wa moshi, akasema kwa sauti ile ile aliyokuwa akinisemeshea juu ya ukuta:

"Yule bwana kaja juzi. Hajui kusi wala kaskazi, hajafundishwa. Mimi simlaumu sana. Lakini wewe umezaliwa Mambrui."

Kengele ya chakula ikagongwa, vibarua wakaja na miguu yao iliyopasuka kwa chumvi, wakapanga foleni. Akawapakulia wali na maharagwe mmoja mmoja, kwa mkono wa kushoto, polepole, akimwita kila mtu kwa jina lake. Alimpakulia pia mwenye pikipiki aliyenileta, ambaye hakuwa amemwona maishani mwake. Mimi nilikuwa nimeketi hatua mbili kutoka kwenye sufuria, tangu asubuhi sijatia kitu tumboni, na yeye alilijua hilo kwa kunitazama tu. Wa mwisho alipoondoka na sahani yake, Mekadzo alifunika sufuria, akaweka jiwe juu ya kifuniko, akaanza kukusanya vyombo.